Kwenda Ni Mbali Kuliko Kurudi

Gashe Ayalneh, na Gashe ndiyo heshima yetu kwa mzee, alikuwa na hoja moja, na mtaa mzima wa Shiro Meda ulikuwa umeichoka. Hoja yenyewe ni hii: Marekani iko mbali na Addis Ababa kuliko Addis Ababa ilivyo mbali na Marekani.

Usicheke kwanza, mwenyewe alikuwa na ushahidi. Ndege inayotoka Addis kwenda Washington huchukua kama saa kumi na saba. Ile inayotoka Washington kuja Addis huchukua kumi na tatu tu. Ndege ni zile zile, miji ni ile ile, bahari haijaongezwa maji. Sasa hizo saa nne zinakwenda wapi? Ukimjibu kwamba umbali ni mmoja, kilomita elfu kumi na moja na ushei, kwenda na kurudi, anakutazama kwa huruma, halafu anakuuliza wewe umeshaendesha nini maishani mwako.

Yeye alikuwa ameendesha. Alikuwa dereva wa lori toka ujana wake mpaka mgongo ulipokataa, Addis hadi bandari ya Assab enzi hizo njia ikiwa wazi, chini mpaka kwenye joto la jangwa, na juu tena mpaka kwenye baridi yetu. "Kushuka na mzigo ni safari, kupanda na mzigo ni safari nyingine," alikuwa akisema. "Mtu wa vitabu atakwambia barabara ni moja. Mpe usukani uone."

Habari za ndege alizipata kwa kijana mmoja anayepakia mizigo uwanja wa ndege wa Bole. Mji wetu uko juu mno, kijana alimweleza, hewa ni nyepesi, ndege ikijaza watu na mafuta yote kwa pamoja hainyanyuki vizuri. Kwa hiyo inaondoka na mafuta pungufu, inatua mahali fulani Ulaya, inajaza, ndipo inavuka bahari, na huko juu upepo unaipiga usoni. Ikirudi inatokea kule chini na mafuta tele, na upepo unaisukuma mgongoni. Gashe Ayalneh aliyasikiliza haya kama mtu anayesikia habari za ndugu yake, maana hata lori lake la Fiat lilikuwa hivyo hivyo, likifika mlima wa Tarmaber linakohoa kama mzee mwenye kifua.

"Kwa hiyo," alikuwa akimalizia, kidole juu, "anayepaswa kusafiri ni yule ambaye kwake ni karibu. Kutoka kule kuja huku ni karibu. Basi."

Na watu walicheka, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mzee huyu hazungumzii ndege. Anamzungumzia mkewe.

Asnaketch aliondoka baada ya sikukuu ya Msalaba, mwishoni mwa Septemba, kwenda kumtunza binti yao wa pekee, Wubalem, aliyekuwa mjamzito huko Washington. Visa walipata wote wawili, siku moja, dirisha moja. Lakini siku ya kununua tiketi Gashe Ayalneh akaanza: nyumba haiachwi peke yake, kuna wezi, kuna paka, kuna bati la jikoni linavuja. Asnaketch akamwambia sawa, kaa na bati lako, akafunga mizigo. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Mtoto akazaliwa, wa kike. Akabatizwa siku ya themanini, kama wanavyobatizwa watoto wa kike. Pasaka ikaja, ikapita. Sasa mawingu ya mvua kubwa yalikuwa yanajikusanya juu ya mlima Entoto, na Asnaketch bado yuko kwa bintiye. Hakuna aliyesema harudi. Hakuna aliyesema anarudi.

Na mumewe hakuuliza. Mwanamume aliyebishana na kila polisi wa barabarani toka Debre Berhan hadi Kombolcha, na akashinda, hakuweza kutamka kwenye simu kwamba anamtaka mkewe. Nyumba ilimlemea, jamani. Aliunguza sufuria mbili, ya tatu akaificha. Alilala pembeni mwa kitanda, upande wake, kana kwamba ule mwingine una mwenyewe aliyetoka kidogo kwenda dukani.

Simu ililia kila Jumapili alasiri, ambayo huko kwao ndiyo asubuhi, Asnaketch akiwa ametoka kanisani. Jumapili moja ilianza kama nyingine zote.

"Hujambo, Ayalneh?"

"Sijambo. Huko kuna baridi?"

"Joto sasa. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Kwa Etiye Fantaye?"

"Si kila siku."

"Na paka anakula?"

"Amenenepa."

"Basi afadhali mmoja wenu," alisema Asnaketch.

Hapo Gashe Ayalneh alikohoa, akajiweka sawa kwenye kiti. "Unajua kutoka huko kuja huku ni saa kumi na tatu tu? Unasinzia, unaamka, uko Bole."

"Uliniambia Jumapili iliyopita. Na kutoka huko kuja huku kumi na saba. Uliniambia pia."

"Eeh. Kumi na saba zinachosha."

"Zinachosha," alisema Asnaketch.

Simu ikachukuliwa na Wubalem. "Baba, shikamoo. Sikia, mimi narudi kazini, na mtoto amemzoea Mama sana. Tunafikiria kumfanyia Mama makaratasi, akae huku moja kwa moja. Nimemuuliza, hasemi ndiyo wala hapana. Kasema nikuulize wewe. Unasemaje?"

"Kasema uniulize mimi?"

"Eeh, wewe."

Kule nyuma kulikuwa na mlio wa vyombo vinavyooshwa, na mlio ule ukakoma. Gashe Ayalneh akasikia ulivyokoma. Ulikuwa wakati wa kusema, na alijua ni wakati wa kusema, na mdomo wake ukaamua kivyake.

"Afanye atakavyo," alisema. "Mimi nani nimzuie?"

Vyombo vikaendelea kuoshwa. Wakaagana. Moyo ulimuuma hasa, si kwa maneno ya kusemea tu. Mkewe alikuwa akiondoka akiwa ameshaondoka, na aliyemfungulia mlango ni yeye.

Kesho yake akaenda kwa Etiye Fantaye. Huyu alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mjane; alimwita Etiye, yaani dada, maana alimzidi umri kidogo tu, lakini kwa hicho kidogo alijipa haki ya kumsema bila kupumua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anakaanga kahawa.

"Mbona uso hivyo? Paka amekufa?"

Akamweleza. Etiye Fantaye akaacha kutikisa kikaango, kahawa ikaanza kuungua, na hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu.

"Yeye kasema uulizwe wewe," alisema polepole. "Nawe ukajibu afanye atakavyo."

"Ningesema nini? Nimlazimishe?"

"Ayalneh, hivi hizo breki za lori zilikugonga kichwani? Hebu nijibu. Wubalem alizaliwa wapi?"

"Unajua alipozaliwa. Debre Sina, kwa mama mkwe."

"Na baada ya kuzaliwa, Asnaketch alirudi vipi Addis?"

"Nilimfuata."

"Na nani?"

"Na wazee watatu. Na kondoo."

"Ulikawia?"

"Nilikuwa na safari za Assab," alisema Gashe Ayalneh, akiangalia ukuta. "Nilikawia kidogo."

"Miezi mitano, aliniambia mwenyewe. Sasa niambie, katika miezi hiyo mitano, basi zilikuwa zinapita Debre Sina?"

"Kila siku."

"Mbona hakupanda akaja?"

"Thubutu! Mwanamke aliyekwenda kujifungua kwao hajirudishi. Atakuwa kituko. Anafuatwa na mume—"

Etiye Fantaye akaanza tena kutikisa kikaango. Hakumsaidia hata kidogo. Alimwacha aelee mwenyewe mpaka aguse chini.

"Lakini ile ilikuwa kwa mama yake," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Na aliyejifungua alikuwa yeye. Hii ni kwa binti yake."

"Na binti yake ni nani, mwenye nyumba ya wageni? Ni kwao! Kazi ya uzazi imekwisha, mtoto kabatizwa, mwanamke yuko kwa watu wake, anasubiri mumewe aje na wazee. Na mumewe anafanya nini? Anamtumia habari za upepo!" Akamwelekezea kijiko. "Umemwambia kila Jumapili kwamba kwenda huko ni mbali, kunachosha. Sasa ungekuwa wewe ungeelewaje? Mimi ningeelewa kwamba hunifuati."

Gashe Ayalneh akavua kofia, akaiweka gotini.

"Etiye, naogopa," alisema.

"Ndege?"

"Ndege niogope nini, si inaendeshwa na mtu? Naogopa kwenda. Sasa hivi niko huku, kwa hiyo ana sababu ya kurudi. Nikishafika na mimi kule, Wubalem atafunga mlango, atasema Baba naye akae, na makaratasi yake haya hapa. Hatutaona tena hii nyumba. Kitu pekee alichobakiza huku ni mimi, Etiye. Nikiondoka, atarudi kwa nani?"

Etiye Fantaye akammiminia kahawa iliyobaki birikani tangu asubuhi.

"Umemwambia hivyo?"

"Mambo kama hayo yanasemwa kwenye simu?"

"Basi panda hizo saa kumi na saba zako ukayaseme uso kwa uso. Na kukaa na paka hukai tena, paka nitamlisha mimi."

Alikata tiketi, lakini kiburi kilikuwa bado kimo. Alipompigia Wubalem alisema tu, "Nakuja kumwona mtoto." Wubalem akapiga kelele ya furaha. Asnaketch alipopewa simu akauliza, "Kumwona mtoto?" Akajibu, "Eeh, mtoto." Mtu wa aina hii unamfanyaje?

Mtaa uliposikia, kila mtu akaleta cha kupeleka. Unga wa shiro, ule wa dengu wa kupikia mchuzi, pilipili ya berbere, siagi iliyokorogwa na viungo, shayiri ya kukaanga. Hata watu ambao hawana ndugu Marekani walileta, wakasema mpe yeyote. Wazee nao walikuwa tayari. Watatu walijitokeza kuwa wasemaji wake, wenye ndevu za kuheshimika na fimbo, na mmoja wao alikuwepo hata Debre Sina miaka ile. Walikuwa na kila kitu isipokuwa visa. Kwa hiyo Gashe Ayalneh akapanda ndege peke yake, na hilo likaanza kumsumbua kabla hata mkanda haujafungwa. Mwanamume hasimami mwenyewe kumwomba mke kwao. Anasimama nyuma, kimya, na wazee wanasema.

Jirani yake wa kiti alikuwa mtu mnene mwenye masharubu meupe, Ato Gebeyehu, yaani Bwana Gebeyehu, aliyekuwa na eneo la kuegesha magari mjini Washington na alikuwa akitoka kumzika shangazi yake Gondar. Ato Gebeyehu alivua viatu, akajifunika blanketi, akasema usiku mwema.

"Unalala?" Gashe Ayalneh akamuuliza.

"Wewe hulali?"

"Chombo kinakwenda, nilale? Anayelala safarini ni utingo."

Na kweli hakulala. Kwenye kioo cha kiti cha mbele kulikuwa na ramani, na juu yake kindege kidogo kinachosogea kwa uvivu wa kukera. Alikikodolea macho. Kila baada ya muda alimgusa Ato Gebeyehu begani kumpa taarifa: tuko juu ya Sudan, tumeingia jangwani, sasa bahari. Walipotua Ulaya kujaza mafuta, na abiria wakaambiwa wakae hapo hapo, alitaka kushuka akaone wanavyojaza. Mhudumu akamrudisha kitini kwa upole. "Nilisema mimi," alimwambia Ato Gebeyehu. "Mafuta hayakutosha kwa sababu ya mlima. Watu wa mtaani kwangu hawaamini."

"Ndugu yangu," Ato Gebeyehu alisema, akiinuka na nywele zimesimama, "umenizuia kulala tangu Afrika. Niambie unalokwenda kufanya Marekani, tumalize."

Akamwambia yote. Debre Sina, kondoo, bati la jikoni, simu za Jumapili, afanye atakavyo. Ndege ilikuwa imeshapaa tena alipomaliza. Ato Gebeyehu alikuna masharubu.

"Na wazee wako wako wapi?"

"Hawana visa."

"Unakwenda kumfuata mke bila mzee hata mmoja?"

"Ndiyo nilikuwa nataka kukuuliza," alisema Gashe Ayalneh, akiangalia kindege. "Wewe una shughuli ukifika?"

Ato Gebeyehu alicheka mpaka blanketi likaanguka. Kisha akaacha ghafla, akakaa vizuri, akavaa viatu. Mambo ya usuluhishi hayafanywi na soksi.

"Kosa lako ni nini?"

"Sina kosa."

"Mtu asiye na kosa habebi shiro ya mtaa mzima. Nikisimama mbele ya yule mama nikasema huna kosa, ataniuliza mimi nimekuja kufanya nini. Kosa lako ni nini?"

Akafikiri. Chini yao palikuwa pameanza kupambazuka, na mapambazuko yale yalikuwa hayaishi, kwa sababu walikuwa wakiyakimbia.

"Nilikawia," alisema.

"Hilo ni nusu."

"Nilikawia, na nikamhesabia saa."

"Hapo sasa," alisema Ato Gebeyehu, akainuka. "Lakini wazee ni watatu. Mmoja ni mpita njia."

Akaenda zake kwenye njia ya katikati, akiinamia kila kiti chenye mvi. Alikaa huko sana. Kilichorudi kabla yake ni habari yenyewe, maana katika ndege ile hapakuwa na siri tena. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akamwambia Gashe Ayalneh, "Usithubutu kumwambia umechoka na safari." Mwingine akasema, "Na upepo usiutaje." Mama wa tatu, ambaye hakuombwa neno, akasema wanaume wote ni hivyo hivyo, akageukia dirishani.

"Nimepata wawili," Ato Gebeyehu alisema aliporudi. "Mmoja ni mwalimu mstaafu, anasema vizuri ila akianza hamalizi. Mwingine ana mgahawa. Amekiri kwamba mara ya mwisho alipowapatanisha watu, waliachana. Lakini ana ndevu, nikasema twende naye."

Walifika asubuhi. Gashe Ayalneh alipita kwa maafisa, akaulizwa kuhusu ule unga, akafunguliwa kila kifurushi, na kijana mwenye glavu akapiga chafya ya berbere mara nyingi hata yeye akamwonea huruma. Akatoka na toroli lake. Kwenye ukumbi wa wanaowasili kulikuwa na watu wengi wa kwetu, na shuka nyeupe za akina mama, na maua. Akamwona Wubalem kwanza, mtoto kifuani. Kisha Asnaketch. Amepungua. Amevaa koti la mtu mwingine juu ya shuka lake.

Alitaka kumkimbilia. Ato Gebeyehu akamshika mkono, akamrudisha nyuma ya toroli. "Wewe huna mdomo leo," alimnong'oneza. Na wale wazee watatu, waliojuana juu ya bahari, wakajipanga, wakapiga hatua mbele wakasimama mbele ya Asnaketch, wakainama.

"Mama, amani iwe nawe," alisema Ato Gebeyehu, kwa sauti ya kanisani. "Sisi ni wazee tuliotumwa."

Wubalem akafungua mdomo. Asnaketch yeye hakushangaa. Alivuta shuka lake, akalitengeneza kichwani, akawa bibi wa Debre Sina pale pale katikati ya wageni na masanduku.

"Mmetumwa na nani?"

"Na mwanamume mmoja mkaidi wa Shiro Meda."

"Simjui."

"Amebeba shiro ya mtaa mzima."

"Mtaa naujua," alisema Asnaketch. "Yeye simjui. Nimesikia kuna mtu anakuja kumwona mtoto. Mtoto huyo hapo, amtazame."

Mwalimu mstaafu akaingilia, akaanza na maana ya ndoa tangu kuumbwa kwa dunia. Watu wakaanza kusimama kuangalia. Akina mama wawili watatu wa ndani ya ndege, waliokuwa wamekwisha kupokelewa na jamaa zao, wakakataa kuondoka. Mlinzi mmoja akaja kuuliza kwa nini njia imezibwa, Wubalem akamweleza kwa Kiingereza, mlinzi akauliza itachukua muda gani, na Ato Gebeyehu akasema amwambie inategemea mama.

Hapo mwanamume wa nyuma ya toroli akashindwa. Akatoka mbele, kinyume cha desturi yote.

"Asnaketch. Mtoto nitamwona, nampenda, lakini sikuja kwa ajili yake. Nimekuja kukuchukua."

"Nyamaza wewe!" alifoka yule wa mgahawa. "Unatuharibia."

"Mwacheni aseme," alisema Asnaketch.

"Nyumba imenishinda," alisema Gashe Ayalneh. "Nilikaa kule nikidhani kwamba nikiwepo, utakuwa na mtu wa kumrudia. Nikaogopa nikija na mimi tutabaki wote. Sikuwa na raha hata siku moja. Nilikuwa nakusubiri."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri!" Sauti ya Asnaketch ilipasuka, na heshima yote ya Debre Sina ikaenda nayo. "Kila Jumapili nakaa na hii simu, nasema leo atasema anakuja. Wewe unanihesabia saa. Kumi na saba, kumi na tatu, kumi na saba. Nikasema basi, ameonja upweke ameona mtamu. Nikaambiwa makaratasi, nikasema muulizeni yeye. Ukasema afanye atakavyo. Unajua nilivyolia kwenye hilo karai la vyombo?"

"Mama," Wubalem alisema, machozi yanamtoka, "mbona hukuniambia? Mimi nilidhani unapenda kukaa."

"Ningekwambia nini, mwanangu? Kwamba baba yako hajanifuata? Mwanamke anamwambia binti yake maneno hayo?"

Wubalem akamkumbatia, mtoto katikati yao, akalia kama anayejua sasa atakachopoteza, na mama yake akampapasa mgongo mpaka akatulia. Hakumwambia nyamaza. Mlinzi alikuwa ameangalia pembeni.

Wale wazee watatu walikuwa bado wamesimama. Wazee waliotumwa hawakai, hata wawe na miguu mibovu namna gani, hata wapewe kiti cha dhahabu. Wanasimama mpaka mwenye kuombwa aamue. Akiwaacha wasimame, jibu ni hapana, waende zao. Mwenye mgahawa alikuwa ameanza kuegemea nguzo kwa siri, na mwalimu alikuwa amekosa maneno kwa mara ya kwanza tangu Ulaya.

Asnaketch akafuta uso kwa pembe ya shuka.

"Wubalem," alisema, "wakalishe wazee."

"Wapi, Mama? Hakuna viti."

"Hayo masanduku ni ya nini?"

Wakakaa. Ato Gebeyehu kwenye sanduku kubwa, mwenye mgahawa kwenye la kati, mwalimu juu ya shiro. Na wale akina mama wa ndegeni wakapiga vigelegele mpaka watu wasio wa kwetu wakatoa simu kupiga picha.

Gashe Ayalneh alibaki amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi, hajui aende wapi. Asnaketch akamsogelea. Akamtazama viatu, akamtazama shati, akaondoa uzi uliokuwa begani kwake. Kisha akavuta sanduku la mwisho kwa mguu, akapigapiga juu yake kwa kiganja.

"Na wewe kaa," alisema. "Umetoka mbali."